Mifuko Arobaini na Mmoja

Fundi Shekuwe hakuanza na nyundo.
Alianza na ulimi.
Alibandua kipande cha ukuta wa msana, akakilamba,
akatema, akasema: "Munyu.
Nyumba hini mumeiziba pua."

Mimi, mwenye nyumba, nilinyamaza.
Saruji ile aliileta baba mwaka wa themanini na saba,
mifuko arobaini na mmoja kutoka Mombasa,
mshahara wa miezi tisa ya kuhesabu makasha Kilindini.
Punda waliipandisha Mkomani mmoja mmoja,
na mama, amesimama tekani,
akawahesabu kwa punje za tasbihi.
Majirani walikuja kuugusa ukuta.
Mgumu, walisema. Laini kama sahani.
Siku hiyo baba hakula mchana, furaha ilimshibisha.

Hakuna aliyetuambia kuwa jiwe la Manda
ni sifongo inayokumbuka bahari:
hunywa usiku, hutoa jasho mchana,
na ukilifungia mlango hutafuta pengine pa kutokea.
Lilitokea kwenye zidaka.
Nakshi zikageuka unga.
Kila alfajiri bibi alifagia ua moja la chokaa,
akalitia kwenye mkebe wa biskuti, akafunika.

"Bandua," alisema Fundi, akanipa patasi.
Si Twalib, mwanafunzi wake. Mimi.
Pigo la kwanza nilipiga kama anayebisha hodi
kwenye chumba cha mgonjwa.
La kumi, saruji ikaanguka bamba zima,
na nyuma yake ukuta umelowa,
unanuka kama nguo iliyosahauliwa ndooni.

Wiki tatu nilibomoa mapenzi ya baba yangu.
Sina neno jingine.
Vumbi lake lilitua kwenye chai, tukalinywa.
Kaka alipiga simu kutoka Doha:
weka vigae, mambo yaishe.

Kisha ukaja udongo,
mwekundu, wa Mokowe, magunia yenye mizizi bado,
tukaukanyaga pamoja na chokaa iliyolala shimoni
tangu masika ya mwaka jana
(chokaa changa ina kisirani, husema Fundi,
hukuunguza leo, kesho hukupasukia)
tukaukanyaga hadi ukaacha kung'ang'ania vidole.

Boriti tulizipima kwa dhiraa, kiwiko hadi ncha ya kidole,
na hapo ndipo nilipojua kwa nini ndani ni kwembamba hivi,
kwa nini vitanda vyetu vyote vililala upande mmoja:
mkoko ndio uliokipima chumba.
Mti haukurefuka zaidi ya hapo,
nasi tukazaliwa, tukaozwa, tukaoshwa
ndani ya kipimo chake.

Dari ilipigwa siku nne.
Wanawake wa mtaa walikuja na virungu,
na Bi Mwanajaha, ambaye magoti yamemkataa,
aliketi juu ya gunia akapiga kwa mwiko wa wali.
Alipiga pale pale, siku zote nne,
duara la upana wa sinia.
Hadi leo pale ndipo pagumu kuliko pote.

Kikabaki kizingiti cha tekani.
Saruji ikiwa bado mbichi, baba aliandika kwa msumari
tarehe, na jina la mama, Swafiya,
bila ya w.

Twalib aliinua nyundo.
Fundi akamshika kiwiko.
Aliinama, akalowesha kidole kwa mate,
akakipitisha polepole juu ya herufi, akakionja.
"Hapa hapana munyu," alisema.

Ulikuwepo. Niliuona, mweupe, kando ya tarehe.
Yeye hakuniangalia.
Alikusanya mwiko na timazi, akaomba maji ya kunawa,
na bili aliyoniandikia jioni
haikutaja kizingiti.

Kila Ijumaa nakifagia.
Hutoka chumvi kiasi
cha yai moja.